Mshahara wa Uingereza na mtoto wa Agosti

Barua ya ajira ilinifikia Januari 2024 asubuhi moja nikitoka zamu ya usiku, nimeketi ndani ya matatu ya Free Area, mtaa wetu wa Nakuru, nikisubiri ijae. Muuguzi, hospitali ya umma, kaskazini mwa Uingereza, pauni 28,407 kwa mwaka. Nilifungua kikokotoo cha simu palepale. Wiki zile pauni moja ilikuwa imepita shilingi 200, nikazidisha, nikagawanya kwa 12, nikapata zaidi ya shilingi 473,000 kwa mwezi. Mshahara wangu wa Nakuru, baada ya makato yote, ulikuwa kama elfu sitini na tano. Niliposhuka nilipitia buchari nikanunua kilo mbili za nyama siku ya Jumanne.

Hesabu ile ilikuwa mbovu, na ilituchukua miezi mitatu, mimi na mume wangu, kujua ubovu wake uko wapi hasa. Naiandika kwa sababu wenzangu wengi wa wodini wanaipiga vilevile, ndani ya matatu, wakiwa wamechoka na wana furaha.

Ubovu wa kwanza ulijitokeza wenyewe. Kufikia Aprili shilingi ilikuwa imepata nguvu na pauni imeshuka hadi kama 165. Sijapanda ndege, sijashona hata koti, na tayari zaidi ya elfu themanini kwa mwezi zilikuwa zimetoweka. Siku hiyo nilimpigia simu sista mmoja tuliyefanya naye kazi wodi ya wazazi kabla hajahamia huko. Akaniambia, "Sista, wacha kubadilisha mshahara. Huku utalala kwa pauni na utakula kwa pauni. Badilisha ile ya kutuma nyumbani peke yake." Tangu siku hiyo daftari letu lilikuwa na kurasa mbili, moja ya pauni na moja ya shilingi, na hatukuruhusu tarakimu ivuke mpaka ila ile itakayosafiri kweli.

Mume wangu ni fundi wa magari, ana karakana ndogo upande wa Shabab, na hesabu zake ni za mtu anayejua kwamba bei ya spea si bei ya kazi. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na hizo 28,407, ngapi zinaingia mkononi?" Tukakaa mezani watoto wakishalala. Kule pauni 12,570 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato. Zinazozidi hapo, kwa mshahara kama wangu, hukatwa asilimia 20. Kuna mchango wa bima ya taifa, ambao tangu Aprili 2024 ni asilimia 8 ya kinachozidi kiwango kilekile. Kuna na pensheni ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, zaidi ya asilimia 8 nyingine. Tukapata kama pauni 1,840 kwa mwezi. Hata hizo si za siku ya kwanza, kwa sababu muuguzi anayetoka nje hulipwa ngazi ya chini mpaka apite mtihani wa vitendo, ule wa OSCE, na kupata usajili.

Kisha tukaandika maisha ya watu watano. Watoto wetu ni watatu: mvulana aliyekuwa na miaka 9, msichana wa 6, na kitindamimba wa miaka 2. Nyumba ya vyumba vitatu katika mji ule, pauni 850. Kodi ya baraza la mji, 120. Umeme na gesi, 180, na yule sista alinionya kwamba Januari itapita hapo. Maji 40, chakula 500, basi 70, simu na intaneti 50. Jumla 1,810. Zilibaki pauni 30, na mkopo wa sacco peke yake ulikuwa unataka kama pauni 100 kila mwezi, ule tulionunulia ploti Kiamunyi. Hapo sijanunua kiatu cha mtoto, wala sijamtumia mama yangu kitu kule Njoro. Nilikaa nikiitazama ile 30 kwa muda mrefu.

Kuna waliotushauri twende London, kwa kuwa NHS huongeza asilimia 20 ya mshahara kwa wafanyakazi wa London ya ndani. Ni kweli. Lakini nilipotafuta nyumba za familia kule, kodi zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za kaskazini. Nyongeza yote ingeishia kwa mwenye nyumba, na zaidi. Tukaifunga habari ya London jioni ileile.

Basi tegemeo likawa mshahara wa pili. Viza yangu ilimruhusu mwenzi kufanya kazi, na kwa kima cha chini cha Aprili 2024, pauni 11.44 kwa saa, fundi wa saa 37.5 kwa wiki angebaki na kama 1,630 kwa mwezi baada ya makato. Tukaona mlango umefunguka. Wakubwa wawili wangekuwa shule ya serikali, ambako hakuna karo, na yule wa darasa la chini angepata hata chakula cha mchana bure, kama watoto wote wa miaka mitatu ya kwanza ya shule za Uingereza. Tukauliza bei ya nasari ya mtoto wa miaka miwili. Jibu likaja: pauni 60 kwa siku.

Nakuru tulikuwa na dada wa nyumbani. Tulimlipa elfu kumi kwa mwezi, na sisemi hivyo kwa fahari, kwa sababu kazi yake ilistahili zaidi. Pauni 60 ni karibu elfu kumi. Siku moja ya nasari Uingereza ilikuwa sawa na mwezi mzima wa dada Nakuru. Siku tano kwa wiki zinafika pauni 1,300 kwa mwezi. Mume wangu angeamka alfajiri, apande basi wakati wa baridi, afanye kazi ya watu wiki nzima, kisha alete nyumbani pauni 330, na nauli haijatoka.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mshahara wangu wa Nakuru, mdogo ulivyo, ulikuwa unalea watoto watatu. Ulishikiliwa na dada, na mama mkwe aliyekuja kutoka Bahati kila tunapokwama, na jirani wa ng'ambo ya ua ambaye huangalia watoto bila kuulizwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye daftari, maana hatukuwahi kuwalipa kadiri ya kazi waliyofanya. Ukihama unawaacha wote, na ng'ambo kila mmoja wao ana bei yake.

Tulijaribu kuzunguka jambo hilo kila upande. Mtoto akitimiza miaka mitatu, muhula unaofuata hupata saa 15 za nasari bila malipo kwa wiki, katika wiki 38 za mwaka. Zile saa 30 zinazotangazwa sana zina masharti ya wazazi wenye haki ya kupata misaada ya serikali, na viza yetu ilisema wazi hatuna haki hiyo. Saa 15 ni saa tatu kwa siku. Hakuna karakana inayoajiri fundi wa saa tatu. Wengine hupishana, mama zamu za usiku, baba mchana. Sitawalaumu, lakini nimewahi kukaa na wenzangu walioishi hivyo miaka miwili na nikaona walivyochoka. Tulikubaliana haraka kwamba hapana.

Jibu lilitoka mahali nisipotegemea. Usiku mmoja nilikuwa nasoma jinsi ya kuandikisha wale wakubwa, nikakuta sheria ya darasa la kwanza kabisa, lile wanaloita Reception. Mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne, na mstari umechorwa tarehe 31 Agosti. Kitindamimba wetu alizaliwa tarehe 19 Agosti 2021. Hakupaswa kuzaliwa siku hiyo. Tarehe yangu ilikuwa 6 Septemba; presha ilipanda, daktari akaamua nianzishiwe uchungu wiki mbili na nusu mapema. Kwa ajili ya wiki hizo mbili na nusu, binti yangu angeingia shule Septemba 2025 badala ya Septemba 2026. Nilimwamsha mume wangu saa saba usiku nikamwonyesha. Akasema, "Basi hesabu si ya mshahara. Ni ya mwezi."

Tukaamua niende peke yangu Julai 2024, wao wanifuate Agosti 2025. Si uamuzi uliopokelewa vizuri. Mama yangu alikuja toka Njoro makusudi, akakaa, akakataa chai kwanza. "Mwanangu," akasema, "mtoto wa miaka miwili hajui pauni." Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata mpaka leo. Nilimwonyesha daftari tu, ukurasa wa zile pauni 30, na ukurasa wa mtu mmoja: chumba cha wafanyakazi chenye umeme na maji ndani yake 450, chakula 150, basi 70, simu 15. Jumla 685. Hapo zilibaki 1,155. Alilisoma lote kwa kidole, kisha akaomba chai.

Mwaka ule ulikwenda karibu na tulivyoandika, isipokuwa mwanzo. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki nne za kwanza niliishi kwa pauni 600 nilizobeba, na miezi mitatu ya ngazi ya chini ilinibana kuliko nilivyokadiria. Baada ya usajili nilianza kutuma pauni 400 kila mwezi, karibu sawa na mshahara wangu wa Nakuru. Nyumba ya Free Area haikuyumba, dada aliongezwa, sacco ililipwa. Nyongeza ya mishahara ya mwaka huo ilinipeleka hadi 29,970, na ikalipwa na malimbikizo ya kuanzia Julai nilipoanza kazi. Zote nilizihifadhi.

Nilihitaji kuzihifadhi, maana kuwaleta watu wanne kuna gharama zake. Ada ya viza ilikuwa pauni 284 kwa kila mtu tulipopiga hesabu. Walipoomba ilikuwa imefika 304. Vipimo vya kifua kikuu vilifanyiwa Nairobi. Pauni 1,000 zilitakiwa zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo: 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza, 200 kwa kila anayefuata. Tiketi nne. Amana ya nyumba, ambayo kwa sheria ya Uingereza haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba kama yetu, na kodi ya mwezi wa kwanza juu yake. Jambo moja lilitunusuru: viza ya wahudumu wa afya haitozwi ile ada ya afya ya kila mwaka. Mwenye viza nyingine ya kazi hulipa pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Kwa familia kama yetu hiyo ingekuwa zaidi ya pauni 13,000 kwa miaka mitatu, na inalipwa kabla ya kusafiri. Aliyeahidiwa kazi isiyo ya afya aulize hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Walitua Manchester katikati ya Agosti. Wakubwa walinikimbilia. Mdogo alijificha nyuma ya mguu wa baba yake akanichungulia. Alikuwa amenizoea ndani ya simu. Alilala kwa baba yake wiki mbili. Gharama hiyo niliijua nikiondoka, na nikiulizwa kama ilistahili nasema ndiyo, lakini siku zile mbili tatu za kwanza nililia bafuni.

Septemba aliingia shule, mdogo kuliko wote darasani, sweta limemfika magotini. Baba yake alipata kazi ya matairi siku nne kwa wiki, hana nasari ya kulipia. Oktoba, baada ya kodi ya nyumba, chakula, sacco, mama yangu na wazazi wake, zilibaki pauni 410. Aliziandika yeye, kwa kalamu nyekundu.

Wiki iliyopita muuguzi mmoja wa Naivasha aliniuliza kama pauni alizoahidiwa zinatosha watu wanne. Nilimuuliza mtoto wake mdogo amezaliwa lini. Akasema Novemba 2022. Tulikaa kwenye simu saa nzima, tukianza upya hesabu yake kutoka Septemba 2027.