Ile mitambo ya Ngomeni jamani

Watu wangu wa Malindi, juzi mjomba kanipakia kwenye mashua yake kutoka Ngomeni tukapita karibu na ile mitambo ya Waitaliano ilosimama baharini, miguu yote kutu tupu, nkashindwa kunyamaza nkamwambia mjomba hapa ndo ilipofyatuliwa setilaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutumwa maalum kutafuta eksirei za angani, mana eksirei hizo hazipenyi hewa yetu lazma uzifate huko juu.

Basi kuna nyota za nyutroni, yani kiini kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, upana kama kilomita 20 tu, yani Malindi na Watamu hivi, lakini uzito umelipita jua! Ikiwa na nyota mwenza inamvuta gesi, gesi inazunguka inapata moto mpaka inatoa eksirei, na mwangaza unapanda na kushuka mamia ya mara kwa sekunde MOJA, nyengine hupita 1,000. Tena haupigi sawasawa kama saa, unayumba yumba kidogo, na wataalamu mpaka leo wanabishana sababu hasa ni nini. Mapigo hayo ya kasi yaligunduliwa 1996 kwa setilaiti ya Marekani, Rossi.

Moja ya nyota zilizoonekana hivyo ni 4U 1728-34. Hiyo U ni Uhuru, na 4 ni orodha ya nne ya vitu vya eksirei vilivyoonwa na setilaiti hiyo ilotoka hapa hapa kwetu! Mimi shuleni sikuwahi kuambiwa. Walimu wa Kilifi tafadhalini, wapelekeni watoto Ngomeni wakaione kwa macho yao.