Siku moja na mtetea anayehara damu, Goma

Mtetea mwenyewe ana miezi minne. Jana jioni alijitenga na wenzake, akajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, na kinyesi chake kilikuwa na damu. Amelala ndani ya katoni jikoni. Leo nina kazi kama kawaida: natumika nyumbani, cherehani iko barazani, hatua chache tu kutoka kwenye katoni yake.

Mpangilio wa siku ni huu, na siugeuzi: joto, kisha maji, kisha dawa, chakula mwisho. Mwili wa kuku mzima una nyuzi 41 hadi 42, na Goma usiku hewa hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kuku mgonjwa anamaliza nguvu zote kwa kupambana na baridi. Ukimshindilia uji akiwa amepoa, gole (kifuko cha chakula chini ya shingo) halisukumi kitu. Uji unachachia humo humo, na hapo umemuongezea ugonjwa wa pili.

Saa 12 asubuhi

Namchungulia tu, naona anapumua, kisha natoka kuwahudumia wale wazima kwanza. Mgonjwa huja mwisho kila mara, na ana kandambili zake mlangoni, zisizokanyaga bandani. Ugonjwa husafiri sana kwenye nyayo za mwenye kuku.

Nikirudi naanza na chupa ya lita moja na nusu: maji ya moto, kifuniko kimekazwa, imezungushiwa kitenge mara mbili, inalazwa upande mmoja wa katoni. Upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Ndani ya katoni nataka nyuzi 28 hadi 30. Akianza kuhema mdomo wazi na kuachanisha mabawa, nimezidisha.

Chini nimetandika karatasi nyeupe, si maranda, kwa sababu kinyesi cha mgonjwa ni lazima kisomeke. Cha kuku mzima ni cha kahawia chenye kofia nyeupe. Mara chache katikati hutoka kimoja cha ute mzito wa kahawia chenye harufu kali, na hicho pia ni cha kawaida. Kijani kitupu maana yake hajala. Cheupe cha majimaji bila kitu kingine, vilevile. Leo naona matone matatu: ute mwekundu, damu mbichi, na nyuzi nyeupe za mkojo pembeni. Kwa mtetea wa umri huu, msimu wa mvua, nashuku koksidiosi kwanza, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vidudu vinavyoitwa koksidia.

Ila kabla ya kuliamini hilo nauangalia ugonjwa wa kideri, ule wa virusi unaoua kuku wengi. Shingo imepinda? Miguu au mabawa yamepooza? Anakoroma? Wengine wawili watatu wameanguka kwa siku moja? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mambo yanabadilika kabisa: kideri hakina dawa, wala si pilipili, wala si shubiri, wala si tetrasiklini. Hapo ni kumuita veterineri na kutompeleka kuku yeyote sokoni.

Saa 1

Nampima kwenye mizani ya jikoni: gramu 980. Naandika. Napapasa gole, upande wa kulia wa kifua: liko tupu na laini, ndivyo linavyotakiwa kuwa asubuhi. Lingekuwa limejaa, linabonyea kama puto na mdomo unanuka kasiksi (pombe ya ndizi), ningeacha kabisa sukari na uji, na nisingempindua kichwa chini ili kulimwaga, maana yale maji huingia kwenye mapafu.

Maji sasa. Pakiti moja ya SRO (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Karibu kila nyumba Goma inazijua hizi kwa sababu ya kipindupindu. Ukikosa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja. Chumvi ikizidi inaua kuku, kwa hiyo usikisie kwa vidole. Yakifikisha saa 24, mwaga.

Natumia seringi ya mililita 5 bila sindano. Hapa ndipo kuku wengi hufia mikononi mwa watu wanaowapenda. Ukimfungua mdomo utaona tundu dogo nyuma ya ulimi, linafunguka na kufunga. Ni njia ya pumzi. Ukimpulizia maji katikati ya mdomo, yanaingia humo na anazama papo hapo. Mshike amesimama wima, kichwa katika hali yake ya kawaida, gusa ubavu wa mdomo kwa ncha ya seringi, dondosha tone moja, subiri ameze. Tone jingine. Mililita 5 huchukua dakika tatu nne. Asipomeza, simama, kuku asiyemeza hapewi kitu mdomoni.

Kwa kilo moja, mwili unahitaji kama mililita 50 kwa siku za kuishi tu, na huyu ameshapoteza mengi kwa kuhara. Lengo langu hadi usiku ni 100.

Saa 3

Farmasi ya mifugo. Naomba amproliamu, dawa ya koksidiosi, ya unga ya asilimia 20, na naomba wanipimie kwa mizani yao pakiti za gramu 1.2, kila moja kwa lita moja ya maji. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mgonjwa anapata kipimo hicho. Wenzake wanaokunywa wenyewe wanapata gramu 0.6 kwa lita, kwa siku 5, kwa sababu wote wamekanyaga kinyesi kile kile.

Muuzaji akikuongezea unga wa vitamini, uweke kabatini kwanza. Amproliamu inafanana na vitamini B1, na kidudu cha koksidia hufa kwa kudanganyika nayo. Ukimpa kuku B1 siku hizo hizo, unakilisha kidudu. Vitamini zitakuja dozi ikiisha.

Saa 4 hadi saa 8

Tangu dawa ifike, SRO imesimama: kila tone linaloingia lina amproliamu ndani. Watu huweka dawa kwenye kopo la mgonjwa na kwenda zao, lakini kuku asiyekunywa hapati dawa iliyo kwenye kopo. Kila nikimaliza mshono mmoja naosha mikono, nampa mililita 5 hadi 10, naosha tena. Karibu kila saa moja na nusu chupa inabadilishwa.

Jirani anapita kuchukua nguo yake. "Mama, kuku wa hivyo si anachinjwa tu, watoto wale?" Namwambia hapana. Koksidia wa kuku hawampati mtu, lakini kuku mgonjwa anaweza kuwa na salmonela pia, vijidudu vinavyoharisha watu, na sasa ana dawa mwilini.

Saa 8 mchana

Banda, na hii ndiyo kazi nzito ya leo. Mayai ya koksidia yakitoka na kinyesi bado hayana madhara. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo yanakomaa na kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mzunguko unakatika.

Goma tatizo ni sakafu. Mabanda mengi yamekaa juu ya kokoto nyeusi za volkano, na kinyesi hushuka katikati ya mawe ambapo koleo halifiki. Mvua ikinyesha, kule chini kunabaki na unyevu siku nyingi. Natoa kokoto za juu kama kiganja kimoja kwenda chini, namwaga maji yanayochemka, naacha pakauke kwa upepo, kisha natandaza maranda makavu ya fundi mbao, unene wa vidole vinne, yatakayobadilishwa yakilowa. Javeli (maji ya klorini) ni nzuri kwa virusi, baada ya uchafu kuondolewa, lakini mayai ya koksidia hayaiogopi. Yanaogopa maji yanayochemka na ukavu. Nainua pia kopo la maji hadi usawa wa mgongo wa kuku, wasiweze kunyea ndani.

Saa 10

Mtetea amefungua macho na amedonoa karatasi. Sasa chakula. Kiini cha yai la kuchemsha kimoja, kijiko kidogo cha unga wa mahindi uliopikwa uji mzito, na lengalenga (mchicha) iliyokatwa laini sana, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K inayosaidia damu kuganda. Anapewa kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kusaga ni chakula bora, ila nawasubirisha hadi kesho kutwa. Maziwa simpi, tumbo la kuku haliyamudu.

Dawa ya minyoo nayo inangoja. Minyoo mingi ikifa kwa mkupuo ndani ya kuku dhaifu inaweza kuziba utumbo.

Saa 1 usiku

Natumia tochi kwenye nyufa za mbao za banda, giza likishaingia, maana utitiri mwekundu hutoka usiku tu. Kuku mwenye upanga wa kichwani uliopauka anaweza kuwa ananyonywa damu nje huku anaitoa ndani. Leo hamna.

Katoni iko juu ya meza. Siiweki sakafuni, wala kwenye chumba kilicho shimoni, kwa sababu mazuku, hewa nzito ya sumu inayotoka ardhini kwenye volkano, hutambaa chini usiku usipokuwa na upepo, na kuku hupumua pale pale chini. Na umeme ukikatika, mbabula (jiko) yenye makala (makaa) haiingii kwenye chumba kilichofungwa. Ndege hufa kwa hewa ile ya sumu kabla mtu hajahisi kitu.

Saa 3 usiku

Jumla ya leo: mililita 95. Gole lina kitu kidogo. Kinyesi cha mwisho bado kina damu, na hilo nalitegemea. Hatari kubwa iko katika siku mbili tatu za mwanzo tangu damu kuonekana.

Chupa inajazwa upya, na nyingine inaingia saa 9 usiku. Akianguka ubavu, akaacha kumeza na upanga ukawa wa zambarau na baridi, simuachi ateseke hadi asubuhi: kisu kikali, haraka, kisha mzoga unachomwa ndani ya pipa, kwani juu ya mwamba huu shimo la kutosha halichimbiki.

Kesho saa 12 napima tena. Akiwa na gramu 950 kwenda juu, dawa inaendelea vile vile. Akiwa chini ya 900, anaenda kwa veterineri pamoja na kinyesi cha usiku ndani ya kifuko safi, kikaangaliwe kwa darubini.