Nilitaja milioni 230, dalali akanuna

Nyumba niliyotaka kununua ilikuwa Kira, pembeni ya Kampala, mwenyewe anataka shilingi za Uganda milioni 280, na dalali ananiambia eti kuna mtu mwingine anakuja kesho na keshi mkononi. Hiyo nimeisikia kila nyumba niliyoenda kuona hapa Kampala, kwa hiyo sikukimbia. Nikazunguka nyuma, nikakuta ukuta wa jikoni una ufa unaoingia kidole na chini yake rangi imevimba kwa maji. Nikaita fundi wangu akanipigia hesabu ya matengenezo, ndo nikataja 230.

Dalali akanuna kabisa, akasema namtukana mwenye nyumba. Jamani bei ya chini si matusi! Matusi ni kutaja namba kutoka hewani, mimi nilikuwa na karatasi ya fundi na picha za ule ufa, na mzee mwenyewe alipoziona akanyamaza halafu akasema tuongee.

Tulimalizana 248. Ila kabla ya kulipa hata shilingi nilifanya sachi ya hati ofisi ya ardhi, yaani kukagua nani ndiye mmiliki, nikamuuliza mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa, na nikahakikisha mke wa yule mzee naye amesaini, maana sheria ya ardhi ya Uganda ya 1998 inataka mke au mume akubali kama ni makao ya familia. Na usisahau ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, asilimia 1.5 ya thamani ya nyumba, huo unalipa wewe mnunuzi kwa hiyo uweke kwenye hesabu kabla hujafungua mdomo.