Kwanini homa inamuua nguruwe wa zizini na ngiri wala haumwi

Watu wananiuliza, wewe mtoto wa Kipemba unasoma mambo ya nguruwe ya nini? Jamani mnyama yupo. Kule Konde karibu na msitu wa Ngezi wanashuka usiku wanafukua muhogo, ami yangu analinda shamba mpaka alfajiri. Na mtu akitaka kujua kinga ya mwili inavyofanya kazi na inavyoharibika, homa ya nguruwe ya Afrika ndo darasa lenyewe.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, nguruwe wa walowezi wanakufa ovyo na wa porini wazima. Virusi vyake vinaishi baina ya ngiri na papasi, papasi wanamuuma mtoto wa ngiri angali shimoni, virusi vinaingia vinazaliana kidogo basi, mnyama anakua na afya yake. Nguruwe pori kama wale wa Jozani nao hawaumwi. Sasa virusi hivohivo vikimpata nguruwe wa kufugwa, joto linapanda mpaka 41 au 42, masikio yanakuwa ya zambarau, bandama inavimba inakuwa nyeusi, na ndani ya wiki moja au mbili ameshakufa. Nguruwe mwitu wa Ulaya pia anakufa vilevile, mana yeye na wa kufugwa ni ukoo mmoja.

Virusi vinaingia kwenye makrofeji, yani zile seli nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuziita seli nyengine zije. Vinazizima amri za mwanzo za kinga halafu seli zilizoambukizwa zinamwaga kemikali za uvimbe kwa wingi, na hapa ndo mimi nnaposhangaa kila siku: seli nyeupe za aina ya limfosaiti, ambazo virusi haviziingii kabisa, zinakufa kwa mafungu kwa sababu ya hizo kemikali. Nguruwe anamalizwa na kinga yake mwenyewe.

Kingamwili, yani protini za damu zinazovikamata virusi, anatengeneza akiishi siku za kutosha, lakini peke yake hazitoshi kuvizuia virusi. Nguruwe waliokwisha pata kinga walipoondolewa seli za T aina ya CD8, yani zile seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa, wakaambukizwa tena, kinga ikawa haipo. Kwa hiyo chanjo ya virusi vilivyouliwa, ambayo inaleta kingamwili zaidi kuliko hizo seli za T, haijafanikiwa, Vietnam waliyoidhinisha 2022 ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na Hispania 2019 walijaribu ya kulishwa mdomoni kwa nguruwe mwitu na wengi wao wakakingika.

Kuna wataalamu wa taasisi ya Roslin, Scotland, waliona jeni ya RELA, inayosimamia kengele ya uvimbe, kwa ngiri iko tofauti kidogo. Wakawabadilisha nguruwe wa kufugwa wawe na RELA ya ngiri. Walipoambukizwa, kwa baadhi yao dalili zilichelewa kidogo lakini hawakukingika. Mimi naona hilo jibu ni zuri sana hata kama liliwauma wataalamu, linatwambia utulivu wa ngiri hautoki kwenye jeni moja.

Ami anasema wacha wafe tupumzike na muhogo. Namuelewa, ila hawafi peke yao, bara kuna watu wanasomesha watoto kwa nguruwe wawili watatu, na mzoga mmoja unatosha kueneza. Binaadamu haambukizwi, lakini virusi vinakaa miezi ndani ya nyama mbichi na ya barafu. Nchi ya Georgia mwaka 2007 inaaminika viliingia na mabaki ya chakula cha melini kwenye bandari ya Poti, na asili ya virusi vile ni upande wetu huu wa Afrika. Nguruwe wa Pemba inasemekana ni kizazi cha nguruwe walioletwa na Wareno, ikiwa hivyo basi hawana kinga ya ngiri. Kwa hiyo nyinyi mnaofanya kazi hotelini, mabaki ya nyama ya nguruwe msiyatupe pembezoni mwa msitu, yafukieni chini sana au yachomwe.