Jiko lipo, jiko halipo

Jumatano usiku, Uyole.

Kesho saa tisa alasiri mwanangu ataonana na daktari bingwa wa watoto. Daktari yuko Dar es Salaam, sisi tuko hapa Mbeya, na katikati yetu kuna zaidi ya kilomita 800 za barabara. Nimewahi kumsafirisha mtoto huyu kwa basi akiwa anakohoa, nikafika Morogoro nikilia. Safari hii tutaonana kwa simu, kwa video.

Ana miaka mitatu. Tangu Mei kikohozi kinakuja na kuondoka, na kikija kinakuja usiku. Mchana anakimbiza kuku, ukimwambia mtu kwamba anaumwa anakushangaa. Hofu yangu ni hiyo: kesho atakaa mbele ya simu akicheka, kifua kimetulia, na daktari asisikie ninachokisikia mimi saa nane ya usiku. Kwa hiyo nimemrekodi. Video tatu fupi, taa imewashwa, shati limefunguliwa, kifua na tumbo vinaonekana. Katika moja, ule mluzi unasikika kabisa anapotoa pumzi.

Muuguzi aliyenipangia miadi aliniambia nijue uzito, maana dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo. Jumatatu nikampeleka kliniki, wakampima: kilo 13 na nusu. Kadi yake iko mezani, pamoja na chupa zote za dawa alizotumia tangu Mei. Chupa moja imenichoma moyo. Ni amoksilini ya maji iliyobaki Mei, nami mwishoni mwa Juni nikampa tena bila kumuuliza mtu. Dawa ile ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki mbili. Najua kusoma, na maandishi yalikuwa pale pale kwenye chupa. Leo nilitaka kuirudisha kabatini, nikaiacha mezani. Kesho nitaisema. Daktari hawezi kumgusa mtoto, mikono yake ni mimi. Nikificha nitakuwa nimemfunga.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kuhesabu pumzi. Unasubiri mtoto alale, unafunua blanketi kidogo, unatazama tumbo likipanda, dakika nzima ukifuata saa, si nusu dakika ukazidisha. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka na hajafika mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Sikuwahi kumtazama mwanangu dakika nzima bila kufanya kitu kingine. Kupika, kufua, kujibu simu, huku nasikia kikohozi kama mtu anavyosikia mvua. Usiku wa kwanza nilihesabu 34, wa pili 36. Usiku wa tatu, 27.

Usiku wa tatu mkaa ulikuwa umeisha.

Baridi ya Julai huku kwetu mnaijua. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Tukuyu kukaa nasi, mifupa inamuuma, kwa hiyo jioni nilikuwa naingiza jiko sebuleni na kufunga mlango. Mtoto anasinzia pale pale miguuni pa bibi yake, karibu na jiko, kisha namhamishia kitandani. Usiku wa nne tulinunua mkaa, jiko likarudi: pumzi 35, na aliamka kukohoa mara nne. Siku nne ni chache, na sitaki kumwekea daktari jibu mdomoni. Nimeandika tu kila usiku kama ulivyokuwa: jiko lipo, jiko halipo.

Kumwambia bibi kulinichukua siku nzima. Yeye humwita mtoto "mume wangu", na hamlazi bila kumwimbia. Hasomi, kwa hiyo nilikaa chini karibu naye nikamsomea daftari. Alinyamaza muda mrefu.

"Ina maana ni mimi ninayemkohoza mume wangu?"

"Hapana, mama. Jiko naliwasha mimi."

Na ni kweli. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Hilo nalijua tangu shuleni, na bado nililiingiza jiko ndani, nikafunga mlango, nikawaweka hapo watu wawili ninaowapenda.

Mengine yako tayari. Bando limenunuliwa, simu inachaji mapema kwa kuwa umeme siuamini, na jirani ataniazima simu yake nikikwama. Tutakaa tukitazama dirisha ili mwanga umwangukie mtoto usoni. Muuguzi alirudia mara mbili: kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunywa, midomo ikibadilika rangi au akilegea, nisisubiri miadi, nimkimbize hospitali usiku huo huo. Nimeongea na jirani mwenye bajaji. Amesema nigonge dirisha saa yoyote.

Sasa ni saa nne na nusu. Jiko liko nje barazani, limezimwa. Bibi amejifunika mablanketi mawili na kitenge juu, nilidhani amelala. Nilipomaliza kuhesabu nikasikia sauti yake gizani.

"Ngapi?"

"Ishirini na sita, mama."

"Ndaga," akasema, asante ya Kinyakyusa, akageukia ukutani.