Nafsi Iliyokataa Kufarijika

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii matokeo ya muhula yametoka, na kuna jambo la vijana wetu wa chuo linaloniuma: mtu amefaulu, lakini badala ya kushukuru anaogopa. "Ukicheka sana utalia," si tulimfundisha wenyewe nyumbani? Basi furaha ikimjia anaizima mapema, kabla msiba haujamkuta amecheka. Usiku hosteli ikitulia anaanza kucheua mawazo. Ng'ombe akicheua tunapata maziwa. Yeye anapata macho mekundu tu asubuhi.

Asafu, mtunzi wa zaburi, anaijua hali hiyo. Zaburi 77, mstari wa 2: "Nafsi yangu ilikataa kufarijika." Mstari wa 7 hadi wa 9 anauliza maswali sita mfululizo, mapana kiasi kwamba hakuna linalojibika kitandani. Sasa tazama anavyotoka humo. Kuanzia mstari wa 11 anakumbuka matendo, na anayataja: maji, ngurumo, njia baharini, Musa na Haruni.

Nawe fanya hivyo. Usingizi ukikataa, usiendelee kugaagaa. Inuka, kaa penye mwanga, andika lile swali linalorudi. Likiwa "Kwa nini mimi hufeli kila kitu?", liandike upya: ni somo gani, swali lipi lilinishinda, kesho saa ngapi nitamwona mhadhiri? "Kwa nini mimi" haina mwisho. "Lipi" na "lini" zina jibu. Kisha andika matendo matatu ya Bwana ya wiki hii, yenye siku na mahali. "Mungu ni mwema" haitoshi hapa. Andika "Jumanne rafiki alinilipia boda".

Wengi hukwama kwa kugeuza maombi kuwa kucheua. Kurudia dhambi ileile mara ishirini mbele za Mungu si toba, ndugu yangu. Umeungama? Sema amina, ulale.

Na furaha ikija, hata ya rolex ya moto, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, pale Wandegeya, Kampala, kaa nayo hadi tonge la mwisho bila kuongeza "lakini".

Nanyi wachungaji, acheni kuita kila sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, pepo. Waganda wana neno okwekyawa, kujichukia. Mwaka 2002, vijijini Masaka na Rakai, Uganda, watu wenye hali hiyo walikaa katika vikundi dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa, wala si madaktari. Dalili zilipungua sana. Ushirika wetu unashindwa nini? Eliya alipoomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena.

Ila huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, na masomo yakianza kumshinda kijana, mpeleke kliniki ya chuo au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala. Akitaja kufa, msiahirishe hadi ibada ya Jumapili: nendeni usiku huohuo, na usimwache peke yake njiani.