Fedha, pesa, hela

Nikiandika ankara hapa dukani Kariakoo, neno hubadilika kulingana na anayeandikiwa. Kampuni naiandikia "fedha". Mama wa Mbagala tuliyefanya naye biashara miaka mingi namwambia, "Shikamoo mama, ile hela ya sukari vipi?" Nikimwandikia "malipo ya fedha" atapiga simu kuuliza kama tumekosana, na atakuwa na haki.

Nimefuatilia asili ya maneno haya na yamenigusa sana. Fedha limetoka Kiarabu, ni yale madini yenyewe yaliyofuliwa sarafu. Pesa ni paisa ya Wahindi. Enzi za Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 utawala ule ukabadili hesabu, rupia ikawa heller 100, na hapo ndipo tulipopata hela. Ndiyo maana hela imeshika zaidi huku Tanzania, wakati mteja wangu wa Mombasa yeye ni pesa tu.

Laki nalo ni la Wahindi!

Kijana mpya wa mauzo nimempa kazi ya kwanza: asome meseji zetu za zamani, aone nani huandikiwa nini.